Hawakumuuliza Mwenye Mguu

Nyokabi alifundisha fizikia katika shule ya wasichana huko Dagoretti mpaka alipostaafu, na watu wa mtaa wake wa Satellite bado walimwita Mwalimu hata dukani. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kufika dawati la nyuma. Kisukari alikuwa nacho kwa miaka mingi na alikiheshimu. Lakini jioni moja ya baridi alitia miguu kwenye beseni la maji ya moto, na kwa kuwa nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi, hakujua kwamba maji yalikuwa yakimbabua. Malengelenge yakapasuka, kidonda kikachimba, na mwishowe akalazwa katika hospitali moja ya binafsi katikati ya jiji.

Daktari wa upasuaji alikuja na wanafunzi wake, akafunua shuka, akatazama, akafunika.

"Itabidi tukate chini ya goti," akasema. "Damu haifiki vizuri, na hiki kidonda kimeoza."

Maneno hayo hakumwambia Nyokabi. Alimwambia Mungai, mwanawe wa pekee, aliyekuwa amesimama upande wa pili wa kitanda akiwa na funguo za gari mkononi.

"Mimi niko hapa," Nyokabi akasema.

"Ndiyo, mama," daktari akajibu, huku bado akimtazama Mungai. "Mtuambie mkiwa tayari."

Walipoondoka, Nyokabi aliifunua tena ile shuka, akautazama mguu wake mwenyewe.

Kesho yake alifika mwanamke kijana aliyevaa hijabu ya kijivu na koti jeupe. Alivuta kiti, akaketi, akamwangalia usoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Naitwa Mahira. Mimi ni mtafiti wa wadudu."

"Marahaba. Wadudu wanatafuta nini hospitalini?"

Mahira akacheka. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na Kiswahili chake kilitoka polepole, kila neno mahali pake. Akaeleza kwamba alikuwa akiongoza utafiti wa kusafisha vidonda kwa kutumia mabuu ya nzi wa kijani, na kwamba hospitali ilikuwa imeukubali.

"Mabuu ndiyo funza?"

"Ndiyo hao. Lakini hawa wetu wametotolewa maabarani, na mayai yao yameoshwa hadi hayana kijidudu. Tunawatia ndani ya kifuko cha chandarua laini, tunakilaza juu ya kidonda, tunafunga bendeji. Wanakula nyama iliyokufa. Iliyo hai hawaigusi."

"Wanajuaje ipi ni ipi?"

"Swali zuri. Hawatafuni, Mwalimu. Wanatoa mate yanayoyeyusha kile kilichooza, kisha wanafyonza ule uji. Nyama iliyo hai mate hayo hayaiwezi. Na mate hayohayo yanaua bakteria."

Nyokabi akajisogeza karibu. Alitaka kujua zaidi.

"Kwanza nataka kuona kama damu inafika," Mahira akasema. Akatoa kamera ndogo, akaielekeza kwenye mguu, kisha akamgeuzia kioo chake.

Kwa miaka mingi Nyokabi alikuwa amewachorea wasichana ubaoni mawimbi ya joto, yale yasiyoonekana kwa macho, akiwaambia kwamba kila mwili unayatoa, mchana na usiku. Sasa aliuona mguu wake mwenyewe ukiwaka kwa mawimbi hayo. Kisigino kilikuwa cha manjano. Kidonda kilikuwa na ukingo mwekundu. Vidole vyote vitano vilikuwa na rangi ya chungwa bivu.

"Vidole vina joto," akasema.

"Vina joto," Mahira akakubali. "Kwa hiyo damu inapita. Picha hii haitoshi peke yake, nimepima na mishipa pia. Siwezi kukuahidi kitu. Ila kama mguu ungekuwa wangu, ningejaribu kabla ya kukata."

Mahira aliporudi na karatasi za kukubali, Nyokabi alizisoma zote, akauliza maswali, akatia sahihi kwa mkono wake. Mabuu yalikuwa madogo kama punje za mchele zilizovunjika. Mchana ule alihisi mtekenyo, kama mtu anayekuna ngozi kwa ncha ya uzi, na alishangaa kwamba alihisi chochote, kwa sababu mguu ule ulikuwa umenyamaza muda mrefu.

Kifuko cha kwanza kilipotolewa, harufu ilikuwa imepungua. Baada ya cha pili, pale palipokuwa na uozo mweusi palionekana nyama ya waridi. Mahira akamruhusu aende nyumbani, awe anarudi kubadilishiwa.

Jumapili hiyo Mungai alimchukua kwa chakula cha mchana nyumbani kwake Lavington. Jacklyne, mke wa Mungai, alikuwa mkarimu kama kawaida yake. Alimletea stuli, akauinua mguu wa mama mkwe kwa mikono miwili, akauweka juu ya mto. Ndipo alipoona bendeji ikitikisika.

Akapiga ukelele mpaka mlinzi akaja mbio kutoka getini.

"Kuna kitu ndani! Kuna kitu kinatembea!"

"Ni mabuu," Nyokabi akasema. "Ni dawa. Keti chini nikueleze."

Lakini hakuna aliyeketi. Mungai alikuwa amesimama, uso umemvimba.

"Mama, una funza mguuni? Kwa nyumba yangu? Nimekuweka kwa hospitali ya maana ndio wakufanyie hivyo?"

"Nimekubali mwenyewe. Angalia kidonda kwanza."

"Siangalii! Watu wakisikia watasema tumekutupa. Watasema mama yake Mungai anaoza tukiwa tunakula."

"Watu gani hao?"

Mungai akatoka barazani. Alikuwa tayari akipiga simu. Yeye na mkurugenzi wa hospitali, bwana mmoja aitwaye Mutie, walikuwa wanachama wa klabu moja ya gofu. Nyokabi alimsikia mwanawe kupitia dirisha lililo wazi: "Mnawalisha funza mamangu, Mutie. Nitawapeleka kortini."

Jumatatu utafiti ulisimamishwa. Haukusimamishwa kwa Nyokabi tu. Kila mgonjwa aliyekuwa na mabuu aliondolewa, akiwemo Mutiso, makanika aliyepondwa muundi na gari, ambaye kidonda chake kilikuwa karibu kufunga. Mahira ndiye aliyeagizwa ayatoe yote kwa mikono yake. Alipomfikia Nyokabi, aliyekuwa amekuja kubadilishiwa kifuko, alifanya kazi bila kumwangalia usoni.

"Wamesema nini?" Nyokabi akauliza.

"Wamesema familia imelalamika."

"Familia ni mimi! Huu mguu umeota kwa nani?"

Akashuka kitandani, akachukua gongo lake la kutembelea, akaenda mpaka ofisi ya mkurugenzi bila miadi. Mutie alisimama kumpokea, akamwita mama, akamwagizia chai.

"Sitaki chai. Nataka kujua ni nani aliyekwambia sitaki matibabu yangu."

"Mama, mwanao alikuwa na wasiwasi. Na ukiangalia umri wako, pengine hukuelezwa vizuri..."

"Nilielezwa, nikaelewa, nikakubali. Wewe mwenyewe unaweza kunieleza yale mabuu hufanya nini?"

Mutie akatabasamu, akapanga kalamu zake. "Mimi ni mtu wa usimamizi."

"Basi umesimamisha kitu usichokijua, kwa simu ya mtu asiyekijua, na mgonjwa hujamuuliza."

"Tutalipeleka kwa kamati ya maadili ya utafiti. Wao ndio watakaoamua."

"Lini?"

"Kamati ikikutana."

"Na kidonda nacho kitangoja kamati ikutane?"

Mutie akasema kwamba daktari wa upasuaji bado alikuwa tayari kumhudumia. Nyokabi akageuka, akatoka, kwa sababu alijua akibaki atalirusha lile gongo.

Kamati haikukutana wiki hiyo, wala iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa safarini. Kisha ukumbi ulikuwa na semina. Kila asubuhi Nyokabi alipiga simu, na kila asubuhi sauti tamu ya kike ilimwambia avumilie. Wakampa vidonge na dawa ya kuosha. Ile harufu ikarudi. Mungai alipopiga simu, hakupokea. Jacklyne alikuja Satellite na matunda na uso wa huruma, akasema, "Mama, Mungai anakupenda tu, alishtuka." Nyokabi alipokea matunda, akamjibu kwamba anayempenda angemuuliza.

Siku Mahira alipompima tena, hakumgeuzia kioo haraka kama siku ile ya kwanza.

"Nionyeshe," Nyokabi akasema.

Vidole viwili vya mwisho vilikuwa na rangi ya buluu iliyokolea, karibu nyeusi, rangi ya kitu kilichopoa.

Nyokabi hakulia. Alimwomba Mahira picha zote mbili, ya mwanzo na ya siku hiyo, kisha akampigia Mutiso. "Jitayarishe," akamwambia. "Tunaenda kuingoja hiyo kamati mlangoni."

Waliketi kwenye korido nje ya ofisi ya Mutie, yeye na Mutiso na wagonjwa wengine waliokuwa wameondolewa kwenye utafiti, kila mmoja na bendeji yake. Wageni waliopita waliuliza kuna nini, na Nyokabi aliwajibu kwa ile sauti ya kufika dawati la nyuma. Siku ya pili ya kukaa hapo, mwenyekiti wa kamati akapatikana.

Ndani ya chumba cha mkutano Nyokabi alimkuta Mungai. Alikuwa ameketi mezani, na mbele yake palikuwa na chupa ya maji na kibao kilichoandikwa "Mwakilishi wa Familia". Kiti cha Nyokabi kilikuwa kimewekwa karibu na mlango.

Akakivuta kile kiti mpaka mezani, kikikwaruza sakafu njia nzima, na Mutiso akaja akasimama nyuma yake.

Mwenyekiti akaanza kueleza jinsi hospitali inavyojali hisia za jamii, na kwamba jambo la wadudu lina unyeti wake. Daktari wa upasuaji akasema kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na mashaka. Mungai akaulizwa maoni ya familia. Nyokabi alimwona akifungua mdomo, na hapo uvumilivu wake ukaisha.

"Huyu ni mwanangu na nimemzaa mimi," akasema. "Lakini mguu wangu haukuzaliwa naye. Mahira, weka zile picha."

Mahira, aliyeketi pembeni, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasita, kisha akaitikia kwa kichwa. Picha ya kwanza ikatokea ukutani, vidole vikiwa na rangi ya chungwa.

"Hii ilipigwa kabla ya mabuu. Daktari huyu alikuwa amesema damu haifiki, tukate. Rangi hiyo ni joto. Nyama iliyokufa haina joto hilo. Sasa weka ya pili."

Vidole viwili vyeusi vikaenea ukutani, vikubwa kuliko watu waliokuwa mezani.

"Hii ni ya juzi. Hivyo vidole vilikuwa hai mliposimamisha. Usaha umekula mishipa yake nikingoja semina yenu iishe ukumbini. Naomba mmoja wenu aniambie, ni nani aliyevizima? Ni funza? Funza mliwatoa."

Mutie akasema, "Mama, tulichukua tahadhari tu..."

"Tahadhari ya nani? Mlijikinga nyinyi na maneno ya watu, mkaniacha mimi na usaha. Mngeniuliza nikakataa, mngekuwa na haki. Mngeniuliza hata kwa simu! Mutiso huyu mlimuuliza?"

Mutiso akatikisa kichwa. "Niliambiwa tu nilale waondoe," akasema. "Mimi hata huyo Mungai simjui."

Mungai alikuwa bado anaitazama ile picha ya pili. "Mama," akasema kwa sauti ndogo, "sikujua."

"Hukuuliza."

Kamati ikafanya saa hiyo kile ilichoshindwa kufanya wiki zote zile. Utafiti ukafunguliwa tena, na ikaandikwa kwamba ni mgonjwa peke yake anayeweza kujitoa. Lakini vidole viwili havikungoja azimio. Vilikatwa wiki hiyohiyo, na Mahira akarudisha mabuu mahali vilipokuwa.

Safari hii Mungai ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Mara ya kwanza bendeji ilipofunguliwa alitoka nje akatapika. Mara ya pili alibaki. Mara ya tatu alishika taa wakati Mahira akiondoa kifuko, na akaona jinsi nyama changa ilivyokuwa imejaa. Alimwomba mama yake msamaha garini. Nyokabi akamwambia kwamba amesikia, na kwamba bado ana hasira, na hasira hiyo haijui kama wao ni mama na mwana. Mungai aliendesha mpaka Satellite, akamshika mkono kupanda ngazi.

Kidonda kilifunga. Alitembea kwa kuchechemea, lakini kwa mguu wake.

Kisha Mutie akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha ya arusi. Hospitali ilikuwa ikizindua kitengo kipya cha vidonda, na walitaka picha ya Mwalimu Nyokabi kwenye bango kubwa, pamoja na neno moja tu: "Tulithubutu."

Nyokabi alikuwa jikoni akimenya viazi. Akaweka kisu chini.

"Mlithubutu nini?"

"Kutumia sayansi mpya, mama. Wewe ni ushahidi wetu."

"Na Mahira atakuwa kwenye hilo bango?"

Mutie akasema kwamba nafasi ilikuwa finyu.

"Andika kwamba mlisimamisha," Nyokabi akasema. "Andika kwamba kuna mgonjwa alipoteza vidole viwili mkimwogopa mtu wa klabu. Maneno yawe kwa herufi kubwa, yasomeke kutoka barabarani. Ukishaandika hivyo, nitakuja nipigwe picha na mguu wangu wazi."

Mutie akasema atashauriana na wenzake. Hakupiga tena. Siku ya uzinduzi, Mungai alimletea mama yake picha ya lile bango kwenye simu. Walikuwa wamemweka mwanamke mmoja asiyejulikana, kijana, anayetabasamu, miguu yake imepakwa mafuta na kucha zimetiwa rangi. Nyokabi akaitazama kwa muda, akamrudishia mwanawe simu, akamwambia ampigie Mahira aje siku ya mapumziko wale chakula pamoja, na Mutiso pia aambiwe.

"Na mimi?" Mungai akauliza.

"Wewe utachoma nyama," Nyokabi akasema, bila kutabasamu.