Ukuta wa Bwana Zege

Jirani yangu, tunayemwita Bwana Zege, aliinua ukuta wa ghorofa mbili kiganja kimoja tu kutoka dirisha la chumba anachoshonea mke wangu. Jua likatuhama bila kuaga. Mke wangu akawa anatunga uzi kwa kupapasa, mpaka mteja mmoja akaondoka na suruali ya miguu mitatu. Wengine hawakurudi. Nililalamika manispaa hadi soli za viatu zikalia, lakini faili lilipotea kila mara, maana karani alikuwa shemeji yake Zege.

Ndipo manispaa wakahamishia malalamiko mtandaoni. Nikapanda juu ya kiti chumbani mle, nikaupiga picha ule ukuta kupitia dirishani, nikabonyeza kitufe cha mahali nilipo, nikatuma. Kataa ukitaka, lakini kidole hakijatoka kwenye kioo, jibu limeingia: ukuta haramu, unabomolewa leo.

Nikavaa shati safi, nikatoa kiti nje nifaidi. Mtambo ukaja, ukampita Zege, ukainua shingo kama twiga juu ya paa langu. Nikamkimbilia msimamizi kumweleza kwamba mkosaji ni yule pale. Akanionyesha simu yake: alama nyekundu ilikuwa imekaa pale niliposimama nikituma, katikati ya chumba cha mke wangu.

"Mzee, mfumo umeshasema," akanipa pole. "Zamani tungeongea."

Ukuta wetu ukalala chini, dirisha na vyote. Zege akachungulia kutoka juu.

"Hongera, jirani. Huduma za siku hizi haziringi, eh?"

Mke wangu akapangusa vumbi kwenye cherehani, akautazama ukuta wa Zege, sasa ukionekana mzima mzima.

"Nilikuomba mwanga, mume wangu. Umenipanulia giza."

Hilo liliniuma kuliko kicheko cha Zege. Nikanawa, nikaenda kwake kuomba radhi. Alifurahi huyo! Akanikalisha sebuleni, mgongo wangu ukiugusa ukuta wenyewe, akaagiza chai. Nikamsifia ujenzi, nikaomba tupige picha ya kumaliza ugomvi. Akasimama kando ya ukuta, akatabasamu. Nikabonyeza mahali nilipo. Nikatuma.

Chai ilikuwa bado inachoma ulimi niliposikia mtambo ukikohoa barabarani. Zege akauliza kelele gani hizo. Nikamwomba aniongezee sukari.