Mkasi Kiunoni

Watu walisimama kama wamealikwa harusini, simu juu, huku askari wa kike akipigwa na jitu la mtu mlangoni pa duka langu la ushonaji.

"Mrudishie, mwanangu!" nikafoka.

Hakurudisha hata kofi. Alikuwa ameinama, anapokea ngumi za kichwa. Nilipochungulia vizuri ndipo nikaelewa: mikono yake yote miwili ilikuwa imeikandamiza bastola kwenye mfuko wake kiunoni. Jitu lile lilikuwa linaivuta kwa mkono mmoja na kumtwanga kwa mwingine. Angeinua mkono ajikinge, bastola ingekwenda.

"Mama, nisaidie!" askari akaniita.

Mkononi nilikuwa na mkasi wa kukatia makoti. Kuchoma mtu sijui, ila kukata ndiyo kazi yangu. Nikaupenyeza kiunoni mwa lile jitu kwa nyuma, nikakata mkanda na suruali kwa pamoja. Suruali ikaporomoka hadi miguuni. Jitu zima, mbele ya simu zote zile, likaachia bastola likadaka suruali!

Askari akalipiga kikumbo, likala vumbi, akalifunga pingu.

Hapo sasa mashujaa wakajaa. Jirani yangu kinyozi akaja mbele kabisa, simu bado inarekodi.

"Shangazi, tungesaidia, ila ile bastola ilitutisha."

Nikamwonyesha askari, mdomo umevimba, mkono bado uko juu ya ule mfuko.

"Na yeye ilimtisha," nikamwambia. "Ndiyo maana hakuiachia."