Walikula Kwanza, Ndipo Wakavunja

Hoteli ya Eustakia pale Mbuba ilijengwa na baba mkwe wake, mzee Nduwayo, kabla ya Uhuru, kwa matofali ya kuchoma. Hakuna dereva wa barabara ile ambaye hakuwahi kupumzika barazani pake. Mwaka wa tisini na nne wakimbizi walimiminika wilayani, malori ya misaada yakafuata, na mkandarasi wa barabara akaamua kwamba baraza linayazibia njia. "Jengo lenyewe chakavu," alisema. Chakavu! Jengo lililomzidi umri, na tone la mvua halijawahi kupita.

Katapila lilipofika asubuhi, Eustakia hakulia wala hakubembeleza. Alichinja jogoo. Kwao Rulenge alilelewa akijua kwamba mtu akishakula kwako, mkono wake hauwezi kukugeukia tena. Basi akawakaribisha ndani msimamizi Danstan na vijana wake, akawapakulia ndizi na nyama, paja akampa Danstan mwenyewe. Walikula wakashiba. Danstan aliongeza mchuzi mara mbili, akanawa, akachokonoa meno.

"Asante, mama. Sasa toa vyombo, tuanze."

Eustakia alidhani hakusikia vizuri. "Umekula kwangu, Danstan."

"Nimekula, mama, na chakula kitamu. Lakini kazi ni kazi."

Eti kazi ni kazi. Hata mbwa humjua anayemlisha, lakini watu hawa walipanda katapila na mafuta ya jogoo bado midomoni. Ukuta wa mbele ulianguka kwanza, kisha paa, kisha jiko. Eustakia alisimama barabarani na sufuria zake, na kilichomuuma kuliko vyote ni lile paja.

Kesho yake alipanga mafiga kwenye kifusi, akapika. Wapita njia na wakimbizi walikaa juu ya matofali wakala. Mchana Danstan akaja, kofia mkononi, njaa usoni.

"Shikamoo, mama. Chakula kipo?"

"Marahaba, mwanangu. Kipo. Kakae pale ulipokaa jana, nikuletee."

Danstan alipatafuta kwa macho. Palikuwa na alama za katapila tu. Waliokuwa wakila waliacha kutafuna, wakamtazama.

Eustakia alishika upawa, akamsubiri akae.