Mtoto wa Pili wa Dorcas

Asumpta alisimama dirishani mwa fleti yao ya Thorncliffe, Toronto, simu sikioni, nguo mbichi mkononi zikimdondoshea maji miguuni asihisi. Verna, mwanamke aliyempigia kutoka Kentucky, hakuwa na haraka.

"Vinasaba havidanganyi, dada. Sisi ni uzao wa Amosi, mtoto wa pili wa Dorcas. Yule aliyeachwa."

Ukoo wa mumewe Asumpta ulijivunia Dorcas, bibi yao aliyetoroka utumwa Marekani, akavuka mto ulioganda, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, hadi Kanada. Mama mkwe alikuwa amepimwa vinasaba, kisha akamwomba Asumpta aitafute asili ya bibi huyo kabla ya mkutano wa familia wa Jumamosi. Naye aliitafuta kama mtu anayekimbizwa, asijue kinachomkimbiza.

"Amosi alikuwa na kifaduro," Verna aliendelea. "Angekohoa njiani, wangekamatwa wote. Dorcas akamwacha kwa jirani, akamwambia mtoto kuwa atarudi."

"Akarudi?"

"Hapana. Amosi alizeeka akisema sura ya mama imemtoka, ila neno lile, nitarudi, halikumtoka."

Asumpta alimshukuru Verna, akakata simu. Mwanawe, Januari, aliachwa Mbinga, Tanzania, kwa bibi yake akiwa na miaka mitano. Sasa sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito. Kila mwaka Asumpta alimwambia: mwakani. Kwanza vibali, kisha kazi, kisha ndoa. Sababu zote zilikuwa za kweli, na bado hazikumpa usingizi.

Alimfuata mama mkwe sebuleni, akamweleza bila kuzunguka. 

"Kwa hiyo yule mtoto wa kifuani hakuwapo. Unataka nisimame mbele ya watu nimvue Dorcas nguo?"

"Sijui, mama. Mimi siwezi kumhukumu."

"Lakini unatetemeka. Anayekutetemesha si Dorcas."

Asumpta aliinamisha macho.

"Mwalike huyo Verna Jumamosi," mama mkwe akasema. "Asimulie mwenyewe. Na wewe nenda ukampigie mwanao."

Mbinga giza lilikuwa limeshaingia.

"Shikamoo, mama," Januari alisema. "Kuna msiba? Leo si Jumapili."

"Marahaba, baba. Hakuna msiba. Nilitaka kukusikia."

"Sawa. Utakuja lini?"

Neno mwakani lilimjia ulimini lenyewe, limelainika kwa kutumiwa. Akalimeza.

"Nianze kukuuliza wewe. Unataka nije, au unataka uje huku? Au hutaki lolote?"

Upande wa pili runinga iliunguruma, mtu akacheka. 

"Ngoja nitoke nje," Januari alisema. "Humu wananisikia."

Mlango ukalia. Asumpta akaibana simu sikioni, akasikiliza nyayo za mwanawe zikitafuta mahali pa kusimama.