Ngamia Haikwami kwa Sikio

Kituo cha ukaguzi kilikuwa na njia tatu za pikipiki, na foleni ndefu zaidi siku zote ilikuwa ya njia ya pili. Hapo alisimama mkaguzi wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, ovaroli lake limepigwa pasi mpaka mikononi. Watu walimwita Sikio. Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Aliweza kusimama hatua tatu kutoka kwenye pikipiki inayonguruma, akafumba macho, akasema, "Mnyororo umelegea, na plagi yako imechoka," na ukienda kwa fundi unakuta ni hivyo hivyo.

Waliompenda kupita wote ni wenye Ngamia. Ngamia lilikuwa jina la mtaani la pikipiki moja ya zamani, yenye tangi lililotuna kama nundu, ambayo kiwanda chake kiliacha kuitengeneza miaka mingi nyuma. Zilikuwa zimebaki nyingi bado, mikononi mwa watu wasiopenda kuachana na kitu kinachofanya kazi. Kila mwaka zilikuja kukaguliwa, na kila mwaka kwenye njia ya pili zilipata stika. "Ngamia haikwami kwa Sikio," watu waliambiana kwenye foleni, na aliyekuwa anatafuta pikipiki ya kununua alisikia maneno hayo akaenda kutafuta Ngamia.

Sikio mwenyewe alifurahia kusikia hivyo. Jioni alimwambia mkewe, "Leo zimekuja nne. Zote safi. Siku hizi hawatengenezi vitu kama vile."

Mkewe alikuwa mshonaji, na alikuwa akizungumza bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na wewe ni wa zamani vilevile, mume wangu," alimjibu, "lakini kwa magoti hayo usingepata stika."

Alikuwa anatania, na Sikio alicheka. Ila neno hilo lilimwingia kama mwiba, kwa sababu habari yote ilikuwa kwenye magoti.

Pikipiki nyingine, mpya mpya, zilipandishwa juu kwa jeki ya kituo, na mkaguzi akazipima chini akiwa amesimama. Ngamia haikupandishika. Bomba lake la moshi lilipita chini kabisa ya injini, pale pale jeki ilipotakiwa kushika. Kwa hiyo mkaguzi alipaswa kupiga magoti kwenye saruji, ashike tairi la nyuma kwa mikono miwili, alisukume huku na huku, asikilizie kama bushi zinazolishikilia zimelika. Zikilika, tairi hucheza. Kwenye njia iliyonyooka dereva hajui kitu, lakini akiwa na mzigo, kwenye kona, pikipiki inaweza kumkataa.

Miaka minne nyuma, asubuhi moja, Sikio alipiga magoti chini ya Ngamia akashindwa kuinuka. Alijifanya anatafuta kalamu. Aliinuka kwa kushika kiti cha pikipiki, jasho limemtoka, na kijana wa njia ya tatu akamuuliza, "Mzee, uko sawa?" Akajibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Ngamia iliyofuata hakupiga magoti. Alisikiliza injini, akajaribu breki, taa na honi, na kwenye fomu, mahali palipoandikwa "bushi za nyuma", akaweka alama ya kupita. Alijiambia kesho ataomba msaada. Ile kesho ikawa miaka minne.

Kisha akaja Mhandisi. Alitoka makao makuu, binti wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na sauti ya chini. Wiki mbili alijifungia na majalada ya ukaguzi, anapanga matokeo ya kila aina ya pikipiki. Siku ya kumi na tano, saa ya chai, alivuta kiti akakaa karibu na Sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Majalada hayajakumaliza?"

"Bado kidogo." Alifungua daftari. "Mzee, nina jambo. Njia ya kwanza na ya tatu, Ngamia kumi zikija, nne zinakwama. Karibu zote kwa bushi za nyuma. Kwako, miaka minne yote hii, haijakwama kwa bushi hata moja."

Sikio alishusha kikombe taratibu.

"Nimejiuliza sana," Mhandisi aliendelea. "Mwanzo nilidhani labda wenye pikipiki nzuri ndio wanaokuja kwako. Halafu nikaambiwa jinsi unavyosikiliza. Kuna kitu unakijua ambacho sisi hatukijui. Nimewaalika wakaguzi wa vituo jirani, Alhamisi. Nataka uwafundishe."

Sikio alimtazama usoni, akitafuta mtego, hakuuona. Binti alikuwa akimheshimu kweli. Laiti angekuwa anamtega! Mtu anayekutega unaweza kumkasirikia. Alifungua mdomo aseme, akaona vijana wawili wa njia nyingine wametega masikio, wanatabasamu kwa fahari ya kufanya kazi na mtu kama yeye.

"Sawa," alisema. "Alhamisi."

Alhamisi wakaja wakaguzi kumi na mmoja, wakasimama nusu duara kwenye njia ya pili. Ilihitajika Ngamia moja ya mfano. Mkunga wa zahanati ya jirani, mama mnene mwenye sare ya buluu, alikuwa amefika kuchukua cheti chake, na aliposikia akapaza sauti: "Chukueni yangu! Sikio mwenyewe ameipitisha, siku tisa tu zilizopita."

Ikawashwa. Sikio alifumba macho, akaanza kueleza: sauti ya vali, pumzi ya bomba, mlio wa mnyororo unapopita kwenye meno yaliyochoka. Hapo hakudanganya hata kidogo. Alieleza vizuri, na watu waliandika. Kwa dakika kumi alisahau kabisa alichokuwa anakiogopa.

"Na bushi za nyuma?" aliuliza mkaguzi mmoja kibonge wa kituo cha mbali. "Maana mimi hizo zinanitesa. Unazisikiaje, mzee?"

"Hizo," Sikio alianza, "hizo unazisikia wakati..." Hakujua sentensi hiyo inakwenda wapi.

Mhandisi alidhani anatafuta maneno. Alivua koti, akapiga magoti kwenye saruji bila shida yoyote, akashika tairi. "Mimi nitashika hapa, mzee, wewe uniambie ninachotakiwa kuhisi." Akalisukuma.

Tok. Akalivuta. Tok.

Hakuna aliyehitaji sikio la ajabu. Walisikia wote, hata karani dirishani.

"Hiyo ni nini?" Mkunga aliuliza.

"Bushi zimelika," Mhandisi alisema, na sauti yake ikashuka zaidi. "Tairi linacheza. Sana."

"Lakini nimepita juzi tu! Jumanne nimempakia mama mwenye uchungu, tumeshuka naye mteremko wote mpaka hospitali."

Mhandisi alimtazama Sikio, kisha akasema haraka haraka, "Wakati mwingine huharibika ghafla. Mtu akiingia kwenye shimo moja baya, basi." Alikuwa anamfungulia mlango, na wote wawili walijua. Sikio akapita.

"Ni kweli," alisema. "Hukuingia kwenye shimo wiki hii, mama?"

Mkunga alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa kosa lake hulitafuta. "Labda lile la pale sokoni," alisema. "Niliingia kwa kishindo kweli." Kisha akainamisha kichwa mbele ya wakaguzi wote. "Samahani sana, mzee. Nitakuwa mwangalifu."

Sikio alisikia masikio yake yakiwaka moto. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesamehe.

Alasiri hiyo alirudi nyumbani mapema, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alishika ubavu wa kitanda, akajaribu kupiga magoti. Alifika chini. Kuinuka kukamshinda. Mkewe aliingia kuchukua kitambaa akamkuta pale, ameegemeza kipaji cha uso kwenye godoro.

"Unatafuta nini huko chini?"

Akamweleza akiwa pale pale chini, tangu siku ya kalamu mpaka samahani ya Mkunga. Mkewe alikaa kitandani na mkasi mkononi, asimkatize.

"Miaka minne," alisema mwishowe. "Hao wengine sawa, uliwaonea haya. Mimi je?"

"Wewe ndiye niliyekuonea haya kuliko wote."

"Mimi na utani wangu wa stika."

"Wewe ulitania. Mimi ndiye niliyenyamaza."

Mkewe alimshika kwapa, akamwinua. Alikuwa na nguvu kuliko alivyoonekana. "Kesho unaanzia kwa nani?" aliuliza.

"Kwa bosi."

"Hapana. Anzia kwa yule mama."

Zahanati ilipofunguliwa asubuhi, Sikio alikuwa ameshasimama mlangoni. Mkunga alimkaribisha kwenye kichumba chenye mizani ya watoto na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Alimsikiliza huku akipanga glavu kwenye kabati, na kadiri alivyosikia ndivyo mikono yake ilivyopungua mwendo.

"Kwa hiyo hukuigusa kabisa," alisema.

"Sikuigusa."

"Na jana ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha niombe samahani. Mtu mzima mimi, mbele ya watu."

"Ndiyo."

Mkunga alifunga kabati. "Mimi nikikosea, mzee, sisemi kosa ni la mama anayejifungua. Nenda ukaseme huko, mbele ya watu hao hao. Hapa nina wagonjwa."

Wakaguzi wageni walikuwa bado wapo kwa siku ya pili ya mafunzo. Sikio alisimama mbele yao na kusema: hakuna siri, hakuna sikio, Ngamia hazikukwama kwake kwa sababu hakuzikagua. Alitaja magoti yake. Kijana wa njia ya tatu alitazama chini. Mkaguzi kibonge, ambaye jana aliandika kurasa tatu, alifunga daftari lake polepole, na Sikio aliona huyo amemuumiza zaidi kuliko bosi, ambaye alifoka.

Mhandisi hakufoka. Alikwenda ofisini, akarudi na orodha: Ngamia sitini na tatu zilizopita njia ya pili ndani ya mwaka mmoja, na namba za simu za wenyewe.

"Karani atapiga," bosi alisema.

"Naomba nipige mwenyewe," Sikio alisema.

Alipiga siku tatu mfululizo. "Mimi ni mkaguzi niliyekupa stika. Bushi za nyuma sikuzikagua. Tafadhali usiiendeshe, tutaifuata." Wengine walimtukana. Wengine walicheka wakidhani ni matapeli. Mzee mmoja aliuliza, "Sasa wewe ulikuwa unasikiliza nini muda wote ule?" akakata simu. Zilipokaguliwa upya zile hamsini na nne zilizopatikana, ishirini na moja zilikwama. Nne kwa kumi, kama njia nyingine tu. Ngamia ilikuwa pikipiki kama pikipiki. Sikio alihamishiwa dirishani kupokea fomu mpaka atakapostaafu, na wenye Ngamia walipofika hapo walimsukumia karatasi zao bila salamu.

Katika zile siku tatu za simu, namba moja ilipokelewa na mwanamke. "Mume wangu alianguka nayo," alisema. "Miezi mitatu sasa. Mguu. Pikipiki tulishaitoa kama chuma chakavu."

"Aliangukaje, mama?"

"Kwenye kona. Anasema ni mchanga."

Jumamosi Sikio alikwenda. Mume alikuwa seremala. Alimkuta kibarazani, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, akipiga msasa mlango wa kabati uliolazwa mapajani. Sikio alikaa, akajitambulisha, akasema aliyokuja kusema. Seremala aliacha msasa.

"Mchanga ulikuwepo," alisema. "Niliuona kwa macho yangu."

"Sijakataa."

"Lakini tairi la nyuma liliondoka kwanza. Hilo sikumwambia mtu. Nilidhani nimekosea kuhisi." Alifuta vumbi la mbao mkononi. "Miezi mitatu nimelala hapa nikiulaumu mchanga, nikachoka, nikaacha. Nilikuwa nimeshapumzika, mzee. Sasa umeniletea mtu wa kumlaumu. Unataka nikwambie nini? Kwamba si wewe? Sijui. Kwamba ni wewe? Sijui pia."

"Sikuja ili uniambie kitu."

"Umekuja kwa hilo."

Sikio alitazama mlango wa kabati, ulaini wake, mahali ambapo msasa ulikuwa haujafika. "Ndiyo," alisema. "Nimekuja kwa hilo."

Mke wa seremala alileta maji. Sikio alikunywa yote kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Wengine walioanguka ni wangapi?" seremala aliuliza.

"Niliowapata, ni wewe peke yako."

"Na ambao hukuwapata?"

"Wanane. Simu zao hazipatikani."

"Basi watafute," seremala alisema, akaurudia msasa wake. Alipiga mara mbili tatu kabla hajaongeza, bila kumtazama: "Usinitafute tena mimi. Watafute wao."

Mhandisi alimpa anwani zilizokuwa kwenye majalada, nyingi zimepitwa na wakati. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Sikio huvaa viatu vyake vya kutembelea, akachukua karatasi, akaenda kubisha hodi kwenye nyumba ambazo wenyewe wamehama, akiwauliza majirani kama wamewahi kumwona mtu mwenye Ngamia. Mpaka sasa amewapata watano.