Sura Ambayo Dada Hakusomewa

Sifa zinalevya jamani, na mwandishi wetu alikuwa amelewa chakari tangu asubuhi. Jarida la fasihi la ughaibuni limemsifu kurasa mbili nzima, na picha yake juu! Akalikwapua, huyoo, mbio hadi kwa dada yake mkubwa, fundi cherehani.

Wawili hawa walikuwa na mtindo wao wa kazi. Kila sura ikiisha, mdogo huja dukani kumsomea mkubwa huku anashona. Sentensi ikiwa mbovu, dada husimamisha cherehani. Basi, hasemi kitu; mwandishi anarudi nyumbani kuifuta. Riwaya nne zilipita hivyo. Katika hii ya tano akaruka sura moja, akasingizia kompyuta imeimeza. Mwongo mkubwa! Ilikuwa sura ya mtoto wa dada, yule wa pekee, aliyefariki miaka ishirini iliyopita. Aliogopa kukatazwa. Na dada hakuwahi kukifungua kitabu chenyewe. Cha nini, na ameshakisikia chote?

"Bi Kalamu! Leo meno yote nje," dada akamtania. "Haya, hao wageni wako wanasemaje?"

Akamsomea, akitafsiri papo hapo. Utamu ukamkolea, akasahau alipo, akaingia aya ya mwisho mzimamzima: "'Lakini kilele ni kifo cha kitoto kichanga. Huu ni ubunifu wa hali ya juu. Mwandishi anampa miezi minne tu, anamwondoa hata hajajua kukaa.'"

Cherehani ikasimama.

"Mwanangu huyo?" dada akauliza.

"Ndiye, dada. Nisamehe. Nilitaka kukwambia, nikashindwa."

Dada hakufoka. Heri angefoka. Aliinamia gauni la mteja lililokuwa mbele yake, machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo yumo kitabuni," akasema. "Miaka yote hii hakuna anayemtaja, hata wewe. Nilidhani nimebaki mimi peke yangu ninayemkumbuka."

Mwandishi akashusha pumzi. Alidhani yameisha, maskini.

"Lakini kwa nini minne?"

"Ilisomeka vizuri zaidi, dada. Iliuma zaidi."

"Iliuma zaidi!" Dada akamtazama kama mtu asiyemjua. "Alikuwa anakaa, wewe. Anakaa mwenyewe, hapo hapo uliposimama, anavuta vitambaa vyangu na kucheka. Si ulikuwepo? Ungenisomea, ningekwambia."

"Nitairekebisha."

"Utairekebisha wapi, na wameshasoma mpaka huko?"

Mwandishi akataka kumshika mkono. Dada akauondoa taratibu, akauweka mapajani.

"Mimi nilipewa miezi saba tu na mwanangu," akasema. "Saba, mdogo wangu. Na wewe umenipunguzia mitatu."