Supu ya Morani wa Nainokanoka

Watu wawili tu walijua kwamba moyo wa Waziri Martini ni mbovu: yeye mwenyewe na daktari wake, Lusia. Ilikuwa mwaka 1980, uchaguzi ukikaribia.

"Neno hili likitoka mdomoni mwako," Waziri alimwambia Lusia garini walipokuwa wakipanda kutoka Karatu, "utajuta kuzaliwa."

Katika kijiji cha Nainokanoka, morani walikuwa wamemchinjia Waziri ng'ombe kichakani. Mkubwa wao, Tajewo, alitangaza kwamba mgeni atakunywa supu ya nyama iliyochemshwa na magome, kibuyu kizima, apate nguvu.

Asubuhi ile Lusia alikuwa amempa Waziri vidonge vya moyo. Magome yale yakikutana na vidonge yangefanya nini, hakujua.

"Ndugu Waziri, kataa," alimnong'oneza.

"Nikatae mbele ya umati huu? Watauliza naumwa nini."

Waziri akaingia kichakani. Lusia alipotaka kumfuata, Nashilu, mke wa mwenyekiti wa kijiji, alimshika mkono.

"Wewe daktari, unakwenda wapi? Huko hatuendi. Nyama ikionwa na mwanamke, morani haigusi tena. Inaliwa na mbwa."

"Na supu?"

"Supu si ya nyama hiyohiyo? Kwani shuleni mlifundishwa nini?"

Kupitia majani Lusia alimwona Tajewo akiinua kibuyu. Alijichomoa, akaenda moja kwa moja hadi motoni, akaikodolea macho nyama yote, kisha akachungulia ndani ya sufuria.

Tajewo alikuwa na kibuyu mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Akamtazama Lusia, halafu akageuza kibuyu. Supu ikamwagika majivuni.

"Samahani," Lusia alisema. "Nilikuwa natafuta choo."

"Mpumbavu wewe," Waziri alifoka, wote wasikie. "Umesoma mpaka akili zimekutoka."

Garini Waziri alimnyooshea Lusia mkono ampime mapigo. Yalikuwa yakirukaruka. Nje, ukungu ulikuwa umefunika barabara ya ukingoni mwa kreta, juu ya genge refu.

"Hujamwambia mtu yeyote?"

"Sijamwambia, Ndugu Waziri."

"Kwa hiyo ni wewe peke yako unayejua." Alitafakari kidogo, kisha akamgusa dereva begani. "Simama hapo mbele. Daktari hajawahi kuiona kreta."

Lusia alikuwa ameiona mara nyingi, kila mara akiwa naye.

Dereva akakanyaga breki.